Hakuna aliyemwangalia aliyerusha

Jumamosi moja mwezi uliopita watoto walikuwa wanacheza kriketi nyuma ya maghorofa kule Upanga, mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu nyeusi ya umeme, kreti la soda ndio wiketi, ile shabaha ya kulengwa, na mpwa wangu wa miaka 12 ndio alikuwa bola, yaani mrushaji. Mimi nimekaa kwenye ngazi na kikombe changu cha chai. Akaja mbio kutoka kule kwenye tenki la maji, mkono ukazunguka, akaachia, mpira ukagonga pale zege lilipopasuka, badala ya kuja chini ukaruka, ukampata mwenzie juu ya jicho.

Damu ikaanza kutoka na sisi wote tukakimbia.

Nikisema sisi wote namaanisha wote kweli, mimi, mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo, mlinzi, watoto wa timu zote mbili, tukamzunguka yule mtoto, huyu anatafuta kitambaa, huyu anapiga simu, mmoja anasema ainamishe kichwa mwingine anasema anyanyue. Hospitali wakamshona nyuzi 3, na jioni alikuwa ameshashuka chini anawaonyesha wenzie plasta.

Mpwa wangu nilimkumbuka baada ya kama saa nzima hivi.

Alikuwa amekaa chini palepale alipoachilia mpira. Mpira wenyewe kauokota sijui saa ngapi, anaubandua tepu kidogo kidogo kwa kucha, ameshafika nusu. Nikamwambia twende ndani. Akajibu bila kuniangalia, "Anko, mimi sikumlenga." Nikamwambia najua. Akarudia, "Sikumlenga." Nikamwambia najua baba, twende tukale.

Hakula. Na toka siku ile hajarusha mpira, wakija kumwita anasema ana kazi za shule.

Na mimi toka siku ile kuna jina limenikaa kichwani halitoki, jina la mtu aliyekufa mwaka 1898 huko Derby, Uingereza. John Platts. Nilishawahi kusoma habari zake zamani nikapita tu kama mtu anavyopita kwenye bango la barabarani. Sasa hivi wiki ya tano hii nalala naye naamka naye, kwahiyo naandika.

Lord's, Juni 1870

Wanaofuatilia kriketi ya zamani wanalijua zaidi jina la George Summers. Summers alikuwa mpigaji wa kaunti ya Nottinghamshire, mtoto wa Nottingham palepale, mchezaji wa kulipwa, na watu wa kwao walishaanza kumhesabu kati ya wale watakaokuja kuwa wakubwa. Mwezi huo wakaenda London kucheza na MCC, klabu yenye uwanja wa Lord's, palepale Lord's, mechi ya siku 3. Upande wa MCC alikuwepo W.G. Grace, yule mwenye ndevu ambaye hata asiyejua kriketi ameshaona picha yake, na kwenye mechi hiyohiyo alipiga mikimbio 117, ndio pointi za kriketi, bila kutolewa. Siku za kawaida mechi ile ingekumbukwa kwa hilo.

Platts naye alikuwa upande wa MCC. Kijana wa miaka 21 kutoka Chellaston, kijiji cha kusini mwa Derby ambako watu walikuwa wanachimba alabasta, bola wa kasi, ndio kwanza jina lake linaanza kuonekana kwenye mechi za maana. Hebu mfikirie. Una miaka 21, umetoka kijijini, uko Lord's, upande mmoja na Grace. Hiyo ndio siku unayoisimulia mpaka uzeeni.

Summers akaingia kupiga kwenye zamu ya pili ya Nottinghamshire. Platts akakimbia akaachia. Mpira ukatua, ukaruka kama haukutakiwa kuruka, ukampiga Summers upande wa uso, kwenye mfupa wa shavu.

Akaanguka, wakambeba wakamtoa.

Alizinduka. Hapa ndipo panaponiuma kila nikipasoma kwa sababu alizinduka, akaongea, watu wakashusha pumzi. Siku iliyofuata alikaa uwanjani juani badala ya kulazwa kitandani kwenye giza, alafu akapanda treni kurudi kwao Nottingham, masaa ya kutikiswa na treni za miaka ile na kichwa kimeumia vile. Tarehe 19 Juni akafariki. Zilikuwa zimebaki siku 2 afikishe miaka 26.

Taulo

Kuna kitu kimoja kwenye mechi ile ambacho kila anayeisimulia anakisimulia, na mara nyingi kinasimuliwa kama kichekesho kidogo ndani ya msiba. Summers alipotolewa, aliyefuata kupiga alikuwa Richard Daft, mmoja wa wakubwa wa timu ya Nottinghamshire, mpigaji wa heshima zake. Daft akaingia uwanjani amejifunga taulo kichwani.

Miaka ile hakuna helmeti, helmeti zimekuja kuzoeleka miaka 100 na zaidi baadaye. Kulikuwa na pedi za miguu, glavu, basi. Kwahiyo taulo.

Watu wanamwongelea Daft, ujanja wake, hasira zake labda, ujumbe aliokuwa anautuma kwa wenye uwanja kwamba hiki mnachotuchezeshea sio pichi, sio ardhi ya kurushia mpira. Na mimi zamani nilisoma hivyohivyo. Lakini baada ya ile Jumamosi nikajikuta nimehama, sisimami tena upande wa Daft, nimesimama kule mwisho alipo Platts, mpira umesharudishwa mkononi kwake, na anaangalia mtu anakuja ana taulo kichwani kwa sababu yake.

Na inabidi akimbie tena. Arushe tena.

Ni kazi yake. Nahodha hajamwambia apumzike, mechi haijasimama, jua linawaka, watu wamelipa kiingilio. Umri wake miaka 21.

Sijawahi kuona mtu anaandika kuhusu mpira uliofuata ule wa Summers, namaanisha kuuandika kwa jicho la aliyeurusha. Na nadhani ule mpira uliofuata ulikuwa mgumu kuliko mingine yote aliyowahi kurusha maisha yake.

Kokoto

Sasa kosa la nani?

Waliokuwepo walisimulia kwamba mpira ulikutana na kokoto. Na hili halishangazi kwa anayejua Lord's ya miaka ile. Leo tukisikia Lord's tunafikiria zulia la kijani, ukoka umenyolewa kama kichwa cha bwana harusi, lakini kipindi kile pichi ya Lord's ilikuwa na sifa mbaya nchi nzima, mabonde, vijiwe, mpira mmoja unatambaa na unaofuata unakupita sikioni. Mwaka 1864 Sussex walikataa kabisa kucheza pale. Kaunti nzima imekataa kucheza kwenye uwanja maarufu kuliko vyote duniani kwa sababu ya ubovu wa ardhi, na miaka 6 baadaye bado mtu anapigwa na mpira uliogonga kokoto.

MCC walilipia jiwe la kaburi la Summers. Waliandikisha juu yake masikitiko yao kwa ajali iliyotokea kwenye uwanja wa Lord's na kwa kipaji kilichokatishwa. Alafu miaka iliyofuata pichi ikaanza kuangaliwa, ikakandamizwa kwa rola zito, ikatengemaa taratibu.

Nakiri siku za kwanza za kuandika haya nilikuwa na hasira sana na hao watu. Nilikuwa nimeshaandika aya mbili za moto. Wenye uwanja, wenye pesa, mnasubiri mpaka mtu afe ndio mnunue rola? Alafu nikakumbuka lile zege lililopasuka nyuma ya maghorofa yetu. Limepasuka mwaka wa tatu sasa. Nalipita kila siku nikienda dukani, nimeshawahi hata kujikwaa pale, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba watoto wanarushia mpira pale pale.

Hasira haikuisha ila nikazifuta zile aya.

Kitu kilichobaki ni hiki. Uwanja ulipata rola, marehemu alipata jiwe, na vyote viwili vilistahili. Aliyerusha alipata ratiba ya mechi inayofuata.

Pauni 5

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asingeacha tu. Mimi pia nilijiuliza, mpaka niliporudi kuangalia maisha ya mchezaji wa kulipwa wa kaunti enzi za Malkia Victoria yalikuwaje.

Kriketi ya Uingereza ilikuwa na watu wa aina mbili ndani ya timu moja. Kuna mabwana, wanaocheza kwa hiari, majina yao yanaandikwa na heshima zake kwenye karatasi ya matokeo. Na kuna wachezaji wa kulipwa, hawa jina tu linatosha. Viwanja vingi hata chumba cha kubadilishia nguo ni tofauti, na mlango wa kutokea kwenda uwanjani ni tofauti. Kazi nzito ya kurusha mpira kutwa nzima juani mara nyingi ilikuwa ya hawa wa kulipwa, mabwana wengi walipenda kupiga. Na mtu wa kulipwa akiajiriwa na klabu kama MCC, siku ambazo hakuna mechi anawarushia wanachama mazoezini, saa baada ya saa, akitegemea mwanachama akifurahi atamtupia chochote.

Malipo ya kawaida kwa mechi ya siku 3 yalikuwa kama pauni 5. Ukitoa nauli, ukitoa chumba cha kulala, ukitoa chakula, kinachobaki ndio kipeleke nyumbani. Na mechi ni za kiangazi tu. Baridi ikiingia kila mtu anarudi kwenye ufundi wake, mgodini, kwenye mashine za kufuma, kwenye baa, au anakaa bila kitu mpaka Mei. Wakati huohuo Grace, ambaye kwa jina hakuwa mchezaji wa kulipwa, alichukua pauni 1,500 kwa safari moja ya Australia mwaka 1873. Simchukii Grace. Nasema tu namna dunia ilivyokuwa imepangwa.

Uzee wao ndio usiseme. Kulikuwa na bola mmoja wa Nottinghamshire aliyemtangulia Platts kidogo, John Jackson, huyu alikuwa anaogopwa Uingereza nzima kwa kasi yake. Jackson alifia Liverpool mwaka 1901 kwenye hospitali ya nyumba ya maskini.

Na Jackson namtaja kwa sababu nyingine pia. Kuna maneno yake yanasimuliwa, kwamba kwenye mechi moja alitoa watu 9, na wa kumi, ambaye ni John Wisden, alimuumiza mpaka akashindwa kuingia kupiga, na kwake hiyo ilikuwa sawa na kutoa wote 10. Alijivunia hilo. Na hakuwa mtu mbaya, hiyo ndio ilikuwa lugha ya kazi. Bola wa kasi anayeumiza watu ana bei. Mpigaji akishaogopa, nusu ya kazi imekwisha.

Kwahiyo wafikirie mabola wawili wa kasi kwenye nchi ileile, miaka haipishani sana. Mmoja anahesabu majeruhi kama wapigaji aliowatoa. Mwingine ana Summers.

Derby

Novemba 1870, miezi 5 baada ya msiba, klabu ya kaunti ya Derbyshire ikaanzishwa mjini Derby. Platts ni mtoto wa huko, na wanamhitaji. Mwaka uliofuata Derbyshire wakacheza mechi yao ya kwanza, dhidi ya Lancashire, Old Trafford, Manchester, wakawatoa Lancashire wote kwa mikimbio 25. Ishirini na tano! Timu changa hiyo. Platts akawa wao toka mwaka huo wa 1871 mpaka 1884.

Miaka 14 hiyo. Naomba usiipite haraka kama nilivyoipita mimi mara ya kwanza. Wachezaji wengi tunaowaimba hawakufika miaka 14.

Na haikuwa timu ya raha. Derbyshire walikuwa na bola hatari mmoja wa mkono wa kushoto, William Mycroft, mwaka 1876 alitoa wapigaji 17 kwenye mechi moja dhidi ya Hampshire na bado timu ikafungwa, hebu fikiria, mtu mmoja ametoa 17 peke yake na mnafungwa. Mwaka 1879 Nottinghamshire waliwatoa Derbyshire kwa mikimbio 16 tu. Na baada ya msimu wa 1887 kaunti ilishushwa kabisa kwenye hadhi ya juu, ikaja kurudi miaka ya 90.

Nahodha wao wa kwanza, Samuel Richardson, naye ana kisa chake, alikuja kugundulika mwaka 1890 kwamba amechota pesa za klabu, na aliyemgundua ni Frederick Spofforth, yule bola wa Australia aliyekuwa amehamia Derbyshire, Richardson akakimbilia Hispania akawa fundi cherehani wa jumba la mfalme huko Madrid. Kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo watu wakicheka. Mtu aliyeiba kwa makusudi tunamsimulia kwa kicheko, na mtu ambaye hakukusudia chochote tunamtaja kwa sentensi moja nzito alafu tunafunga ukurasa.

Lakini kilichonikaa mimi ni ramani. Kutoka Derby mpaka Nottingham ni kama kilomita 25. Ni majirani. Derbyshire na Nottinghamshire walicheza miaka ileile ya 70 kama majirani wanavyocheza, unajua zamu yenu inakuja. Ukiwa Platts, kila ukienda kule unaenda kwenye mji alikozaliwa Summers na ndiko lilipo lile jiwe. Watu wa pale wanakujua. Wachezaji wenzake Summers bado wako kwenye timu, Daft yupo, wa taulo.

Mtu angekuwa London au Kent huko angeweza kusahaulika kidogo. Yeye alizaliwa jirani.

Polepole

Platts alipofariki mwaka 1898, hajafika hata 50, kitabu cha mwaka cha kriketi kinachoitwa Wisden kiliandika maneno machache juu yake. Kwanza Summers, bila shaka. Alafu wakasema mambo mawili ambayo ndio yamenifanya nishindwe kulala. La kwanza, kwamba lile tukio lilimuumiza kiasi kwamba hakuwahi tena kucheza kwa raha kwenye uwanja wa Lord's. La pili, kwamba miaka iliyofuata aliacha kasi akawa bola wa mpira wa polepole.

Nilisoma ile ya pili nikaweka simu chini.

Kwa ambaye hajacheza, nieleze kidogo. Bola wa kasi na bola wa polepole sio mtu yuleyule aliyepunguza moto. Ni fundi seremala na fundi cherehani. Wa kasi anaishi kwa mbio zake, kwa bega, kwa mgongo, kwa ile sekunde ambayo mpigaji hana muda wa kufikiri. Wa polepole anampa mpigaji muda, tena muda mwingi, alafu anautumia huo muda kumdanganya. Anaupandisha mpira juu ya macho yake, vidole vinausokota, unatua unageuka. Ni lazima ujifunze upya kushika mpira. Lazima ukubali kupigwa, mpira wako uende mpaka kwenye uzio watu washangilie, alafu urudi urushe uleule tena, kwa makusudi, maana ni chambo. Mkono uliofundishwa toka utotoni kuwa nyundo unaambiwa uwe sindano.

Na Platts alifanya hivyo akila kwa mkono huohuo. Ukishindwa kujifunza, kaunti inatafuta mtu mwingine.

Hapa nilisimama karibu wiki nzima. Nilianza kuogopa kwamba nimemtungia mtu hadithi. Mabola wengi wa kasi wanapunguza mwendo wakikua, magoti yanagoma, mgongo unagoma, hakuna msiba wowote ndani yake, ni umri tu. Na miaka ile mpira wa taratibu wenye shabaha ulikuwa unalipa vizuri sana, kulikuwa na Alfred Shaw wa Nottinghamshire hukohuko, huyu hakuwa na haraka kabisa na maisha yake yote alirusha ova (mizunguko ya mipira michache) nyingi kuliko mikimbio aliyofungwa, yeye ndio aliyekuja kurusha mpira wa kwanza kabisa wa mechi za mataifa, Melbourne 1877. Mtu mwenye akili akimwangalia Shaw anaweza kusema na mimi nihamie huko. Bila kulia, bila Summers.

Nikamwambia hivyo rafiki yangu mmoja ambaye amecheza kriketi ya klabu hapa Dar miaka mingi, bola wa kasi, sasa hivi ana miaka hamsini na kitu. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kaka, mimi magoti yaliisha nikiwa na 38. Mpaka leo nikishika mpira mkono unataka kwenda haraka. Kasi haikutoki kirahisi hivo. Ni wewe unaizuia."

Ni wewe unaizuia.

Kwahiyo nachagua upande. Aliyeandika hayo maneno mawili aliyaweka pamoja, Lord's na kuacha kasi, na mimi nayasoma pamoja. Labda magoti yalikuwemo, labda hesabu ya Shaw ilikuwemo, binadamu hafanyi kitu kwa sababu moja. Lakini mtu ambaye uwanja mzima unamkatisha raha miaka na miaka, siamini kwamba mkono wake ulisahau.

Hakuna mahali pa kwenda kuomba radhi kwa kitu ambacho sio kosa lako. Ukienda kwa wafiwa watakwambia haikuwa wewe, na watakuwa wanasema kweli, na utarudi nacho vilevile. Nadhani Platts alifanya kitu pekee ambacho kilikuwa ndani ya uwezo wake, alihakikisha mpira ukitoka mkononi mwake mtu ana muda wa kuuona.

Sydney

Tarehe 25 Novemba 2014 Phillip Hughes, mpigaji wa Australia, alipigwa na mpira chini ya sikio, Sydney, akiwa amefikisha mikimbio 63. Siku 2 baadaye akafariki. Zilikuwa zimebaki siku 3 afikishe miaka 26. Nimesoma hizi tarehe mara nyingi sana nikizilinganisha na za Summers na bado mwili unasisimka.

Aliyerusha ni Sean Abbott, miaka 22.

Nakumbuka ile wiki. Nakumbuka watu wakiweka magongo yao ya kriketi nje ya milango yao dunia nzima. Lakini nakumbuka pia, na hili ndilo nililolirudia baada ya ile Jumamosi, kwamba safari hii watu waligeuka wakamwangalia na aliyerusha. Palepale uwanjani wachezaji walimfuata. Wachezaji wa zamani, wageni kabisa, watu wa nchi nyingine wakamwandikia kwamba sio kosa lako. Alipewa washauri wa kuzungumza naye. Wiki 2 baadaye akarudi uwanja uleule, akatoa wapigaji 6 kwa mikimbio 14. Kwa kasi yake ileile.

Sisemi alipona. Hilo ni lake. Nasema aliangaliwa.

Kati ya Lord's na Sydney ni miaka 144. Na nyuma ya maghorofa yetu mwaka huu tulifanya kama Lord's.

Tepu

Dada yangu hakutaka nimsimulie mtoto. "Wewe unataka kumwambia mtoto kuna mtu alirusha mpira akaua, hapo ndio utakuwa umemsaidia nini?" Na alikuwa na haki kuogopa, hata mimi niliogopa, nikakaa nalo wiki nyingine mbili.

Juzi usiku umeme umekatika tumekaa barazani mimi na yeye tu. Nikamsimulia. Sikumficha kwamba Summers alikufa, ila nilianza na kwamba yule wa kwao alishonwa nyuzi 3 na leo kanipita ngazini anakimbia. Nikamwambia kuhusu kokoto. Nikamwambia kuhusu taulo, hapo akacheka kidogo alafu akaacha. Nikamwambia Platts alicheza miaka 14 mingine.

Akauliza, "Watu walikuwa wanamsema?"

Nikamwambia alikuwa anaenda kucheza mpaka Nottingham kwenyewe.

Akakaa kimya muda mrefu. Nikajua nimeharibu. Nikaanza kutafuta cha kusema cha kumpoza na sikukipata, na umeme ukarudi, kila mtu akaingia ndani kwake.

Nilienda na ndoo ya simenti na mchanga asubuhi, mimi na mlinzi tukaziba lile zege. Haikuchukua hata saa moja.

Jana jioni kaja chumbani kwangu, mpira mkononi, umebaki na manyoya yake ya kijani tu, tepu yote alishaibandua siku nyingi. Akasema, "Anko, naomba hela ya tepu." Nikampa. Akafika mlangoni akageuka.

"Huyo Platts, ile ya polepole, vidole alikuwa anaweka wapi?"

Nikamwambia leta huo mpira nikuonyeshe.